Boti ya Nassor na Mteremko wa Magogoni

Mdogo wangu Nassor alihamia Kigamboni akaiacha boti yake ya faiba kwa fundi, Gerezani, ikizibwa nyufa. Ilipokuwa tayari pikapu yake ilikuwa mbovu, yangu nzima, na katika ukoo wetu hakuna anayenishinda kwenye usukani. Nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Gerezani, Jumatatu saa mbili asubuhi. Fundi Idi, aliyeunda na tela la kuibebea, aliizunguka pikapu yangu mara mbili.

"Dada Zuhura, tela tulifunge breki?"

"Za nini? Si boti tupu hiyo?"

"Ikiwa tupu sawa, gari lako linaimudu. Mzigo ukizidi nusu ya uzito wa gari, tela lazima lijishike lenyewe."

Nikawasha gari. Habari za nusu niliona hazinihusu.

Mchafukoge, saa nne. Nilipita nyumbani kubadili viatu tu. Sijui nani alitangaza kwamba kuna boti inaenda Kigamboni, maana Shangazi Mwanaisha wa ghorofa ya pili alikuwa ameshateremsha cherehani yake ya chuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kwani utaenda na boti tupu?"

Kwetu hilo si swali. Kukataa mzigo wa mtu ilhali una nafasi ni kumwambia hamjuani. Ikapanda cherehani ndani ya boti, yakapanda magunia ya mchele, mifuko ya saruji ya mjomba anayejenga, vigae, na friji bovu linalokwenda kufufuliwa. Niliona fahari kutegemewa na jengo zima. Turubai likafungwa, nikaondoka.

Posta, saa tano kasoro. Taa iliwaka nyekundu. Nilikanyaga breki kama kawaida, gari likakataa kusimama. Kitu kilinisukuma mgongoni, taratibu, kama mtu mwenye haraka kwenye foleni. Tukaingia kwenye kivuko cha pundamilia. Baba mmoja mwenye bahasha aliruka kando, akapiga boneti kwa kiganja.

"We mama! Unaua!"

Hapo palikuwa tambarare. Mbele kulikuwa na Magogoni, ambako magari hushuka mteremko kuingia kwenye pantoni, na Nassor alikuwa anavuka kuja kuniongoza kwa miguu, mbele ya gari.

Nikageuza gari.

Gerezani tena. Fundi Idi alipanda juu ya tairi, akachungulia chini ya turubai.

"Hii ni boti au nyumba inahama?"

Alinipa njia mbili: nishushe mizigo, au afunge breki. Kushusha ningeshusha, lakini pikapu yake ikipona Nassor angeivuta boti hiyohiyo ikiwa na injini, mafuta na barafu. Nikamwambia afunge. Breki zenyewe ni za kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela huja mbele kwenye kishikio kinacholiunga na gari, na msukumo huo ndio unaokaza breki za magurudumu yake. Kazi ilichukua siku mbili. Nassor nilimpigia simu nikamwambia kuna foleni kwa mafundi.

Magogoni, Jumatano asubuhi. Nassor alinisubiri juu ya mteremko.

"Mambo, dada?"

"Poa. Kaa pembeni."

Hakukaa. Alitangulia mbele ya boneti, akapunga mkono, akaanza kushuka. Niligusa breki. Nyuma tela likalia kidogo, likajishika, na pikapu ikanitii kama ilivyozoea. Tulishuka kwa mwendo wa miguu yake.

Kigamboni, adhuhuri. Mizigo ilifika ilikotumwa, boti ikabaki kwa Nassor. Tulipokuwa tunakunywa chai nikamgombeza: mbona nilimwambia akae pembeni, na hata kugeuka hakugeuka?

"Nigeuke ya nini? Si wewe ulikuwa unaendesha?"

Nikanywa chai yangu.

Nimerudi Mchafukoge na pikapu tupu. Siku hizi mzigo haupandi kabla sijauliza uzito wake, na Shangazi Mwanaisha ananiita bibi mizani. Aniite tu. Bado najiamini kwenye usukani, ila kila nikikanyaga breki nauona mgongo wa mdogo wangu, fulana ya bluu, hatua mbili mbele ya bampa.

Nassor, kwa mafundi hakukuwa na foleni.