Mlinzi Aliyeacha Nafasi Yake

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mwili wa kuziba mlango. Siku za kazi nililinda duka la jumla katikati ya Johannesburg. Jumamosi nilicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, katika timu ndogo ya mtaani. Nikapangwa wapi? Kulinda tena! Watano tulisimama mbele kama ukuta, ili mrushaji wetu, Thabo, arushe mpira kabla hajaangushwa. Mpira wenyewe hatukuugusa.

Jambo hilo liliniuma. Niliishi mtaa wa Bertrams kwa mama mdogo, msusi aliyenipokea nilipotoka Lubumbashi, na nilikuwa nimemdanganya kwamba mimi ndiye mfungaji. Siku hiyo akaja kuniona, na wanakwaya sita nyuma yake, na beseni la mandazi.

Nusu ya kwanza ikaisha sijagusa mpira. Nikamsikia mwanakwaya mmoja akimuuliza mama mdogo: “Mama Neema, huyu wako anacheza au anasukumana tu?”

Basi mchezo ulipoanza tena niliacha nafasi yangu, nikakimbia mbele mikono juu, nikimwita Thabo anirushie. Sheria yenyewe haimruhusu mtu wa nafasi yangu kupokea. Nilijua, ila sifa hupofusha. Yule niliyepaswa kumzuia akapita kama aliyekuta mlango wazi. Nilipogeuka, Thabo alikuwa chini, hasogei.

Hatimaye akafumbua macho. “Eish, ulikuwa unampungia nani?”

Wote wakacheka, yeye hakucheka. Akamwambia kocha: “Jumamosi ijayo, ama huyu ama mimi.”

Mama mdogo hakunigombeza mbele za watu. Jioni, akimsuka jirani, ndipo aliponiita.

“Mchezo wenu siujui,” alisema. “Lakini kabla hujakimbia, yule kijana alikuwa amesimama. Ulipokimbia, akaanguka. Hapo nikaiona kazi yako. Wanaosifu nywele hawaoni fundo la kwanza, ila nikilikosea, msuko wote unafumuka. Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho kinachojitembeza.”

Kesho yake, tulipotoka kanisani, akanipeleka kwa Thabo na mandazi mapya. Nikamwomba radhi. Yeye akala matatu kwanza.

“Sharp,” akasema, yaani yameisha. “Lakini ukikimbia tena, nitakurushia kiatu.”

Nilicheza misimu tisa, mpaka magoti yakagoma. Sikufunga hata mara moja. Mama mdogo hakukosa mechi ya nyumbani, kila tulipojipanga alipaza sauti, “Baki hapo!” mpaka jukwaa zima, Wazulu kwa Wakongo, likawa linaitikia naye. Katika mechi yangu ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha, na sisi watano wa mbele tulitoka uwanjani tumepakaa tope hadi masikioni. Jezi ya Thabo ilikuwa nyeupe, haina doa, maana hakuangushwa hata mara moja. Akaivua, akanipa. Ninayo mpaka leo.

Mwanangu, ukipewa nafasi isiyopigiwa makofi, ishike kwa mikono miwili, maana yupo mtu aliyesimama kwa sababu yako. Wala usimpambie anayekupenda kazi usiyoifanya. Mwache aione unayoifanya. Mungu akupe magoti ya kudumu kuliko yangu, na katika kila uwanja utakaoingia, asikosekane mtu wa kukupazia sauti: baki hapo.