Mac ya Mama Nembo

Kila fundi wa tarizi niliyemfahamu, katika kila mji nilioishi, alilalamikia macho. Huyu analalamikia kusubiri. Ana miaka hamsini na minane, na mtaani wanamwita Mama Nembo kwa sababu nusu ya sare za mji zimepita chini ya sindano zake: za wanafunzi, za walinzi, za madereva wa magari ya wagonjwa. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mashine yake ikianza kushona, vikombe vinatetemeka kabatini.

Nembo huchorwa kwanza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, ndipo mashine iifuate. Programu yake ya kuchorea ameitumia miaka kumi na minne, nayo inakubali Windows peke yake. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, bintiye anayefanya kazi ughaibuni alikuja likizo na Mac, kompyuta isiyo ya Windows. Akaiwasha mwenyewe, akaipanga mwenyewe, akaondoka akijigamba kwamba sasa mama yake ana mashine ya wachoraji wakubwa. Siku ya pili programu ikagoma. Wiki tatu, binti akipiga simu, jibu lilikuwa, "Inakwenda vizuri sana, mwanangu." Akikata simu, anajikokota hadi kwa jirani, fundi simu mwenye upara, kuchorea kwenye kompyuta ya huko.

Jumanne kompyuta ile, ambayo kumbe ilikuwa ya mteja, ikachukuliwa na mwenyewe. Makoti sitini ya wauguzi wanaohitimu katika chuo cha mji yalitakiwa Alhamisi saa sita mchana, na nembo yao ilikuwa bado haijachorwa. Mkuu wa chuo alikwishasema: ukichelewa tena, kazi inahamia kiwandani. Bila chuo hicho, Mama Nembo angefunga duka.

Jumatano asubuhi fundi simu akaja na programu ya kuiwekea Mac Windows tumboni. Akabofya, akabofya, akaacha.

"Dada, inataka neno la siri la mwenye mashine."

"Mwenyewe si mimi hapa?"

"Wewe unajua hivyo. Yenyewe inamjua aliyeipanga."

"Basi idanganye."

"Haidanganyiki hii. Ingekuwa mteja, sawa."

Mama Nembo akayatazama makoti yaliyorundikwa kwenye kiti. Akampigia bintiye.

"Mama! Vipi, unachora?"

"Nipe neno la siri la hii mashine."

"La nini?"

"Tuiwekee Windows."

"Mama, mimi nimekuletea Mac, wewe unaitia Windows?"

"Programu yangu haitaki kitu kingine."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Kwa hiyo wiki tatu zote unanidanganya?"

"Ningekwambia nini? Uliipakata safari nzima kama kichanga. Nimechoka, mwanangu. Nikipata nafasi nitakubembeleza. Sasa hivi nina makoti sitini."

Binti akacheka kicheko kikavu, kisha akataja herufi moja moja, fundi akiandika. Kabla ya kukata akauliza, "Na presha yako? Maana nayo kila siku unasema inakwenda vizuri."

"Hiyo tutaongea Ijumaa."

Windows ilifunguka saa nane mchana, ikitambaa. Mama Nembo alivuta pembe ya nembo, akasubiri; kioo kikatii kilipotaka chenyewe. Akavuta nyingine. Fundi simu alisema mashine mbili zinagombania kichwa kimoja. Mama Nembo akamjibu kwamba hata yeye ana watu wengi humo kichwani, na bado anapika.

Koti la kwanza liliingia chini ya sindano saa kumi jioni. La sitini lilikunjwa Alhamisi, robo saa kabla ya muda. Mkuu wa chuo akapitisha kidole juu ya nembo, akasema mwakani yatakuwa themanini. Mama Nembo akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa simu ikaita. Aliiangalia kwanza, akavuta kiti, akaketi.

"Haya," akasema, "uliza."