Musimuangalie Bijou

Nilikuwa mutoto wa Simi-Simi, kando ya ile uwanja ya zamani ya ndege, wakati apolo iliingia kwetu. Apolo, ule ugonjwa wa macho mekundu. Watu wengi wa Kisangani wanaijua, na wengi wanaamini ujinga moja juu yake: ukimuangalia mugonjwa machoni, umeipata. Mpaka leo wanaamini. Mpaka leo inanichoma roho.

Dada yangu mudogo, Bijou, ndiye alianza. Aliamuka kope zimeshikana kama zimepakwa gundi, usaha ya manjano kwenye kona. Mama alikuwa Yangambi kununua mihogo, donc nyumba ilikuwa mikononi mwa koko, mama ya papa. Koko alimuketisha Bijou kwenye kiti kidogo, uso kwa ukuta, akatuambia:

« Musimuangalie. Atakayemuangalia, asiniletee kilio. »

Tukatii. Fufu tulimupitishia nyuma ya mugongo, kama mufungwa. Hata koko akimutilia maji ya majani machoni, aligeuza kichwa, matone yakianguka puani, sikioni, popote. Tonton Faustin, ndugu ya papa, alivaa miwani nyeusi ndani ya nyumba, akamuambia: « Mademoiselle, leo unapendeza, naona kwa mugongo. » Bijou alicheka. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Lakini asubuhi sisi wote tulinawa uso mu bassin moja, tukajipangusa na essuie moja, taulo ile ya maua iliyoning'inia kwenye musumari. Bijou naye. Unaona? Nyumba nzima tulikimbia macho ya mutoto, na usaha yake tulijipaka sisi wenyewe. Bien sûr nilishikwa. Tonton naye, na miwani yake. Koko akasema alituonya, tumemuangalia. Maneno yake yakaonekana kweli, ndiyo ubaya wake.

Yetu ilipona. Ya Bijou, hapana. Alilalamika mwangaza unamuchoma, jicho ya kushoto inauma kama iko na muchanga ndani, anaona ukungu. Tonton akamupeleka ku dispensaire, zahanati ya quartier. Infirmier, muuguzi wa pale, mutu wa diplôme, blouse nyeupe, alimunyooshea pomade kutoka mulangoni huku yeye mwenyewe akiangalia calendrier ukutani. Alisomea kuangalia wagonjwa, na hakuangalia.

Jioni Bijou aliongea na ukuta, sauti ya kawaida, bila kulia: « Mutu moja aniangalie basi. »

Hakuna aliyegeuka.

Kesho yake mama alishuka kwenye baleinière, ile mashua ya mutoni. Hakuomba ruhusa ya mutu. Alimushika Bijou kidevu, akamugeuza kwenye mwangaza. Katikati ya jicho ya kushoto, juu ya ile nyeusi, kulikuwa doa nyeupe. Alipanda naye toleka, baiskeli ya kubeba watu, mpaka hospitali. Munganga alisema ile ni kidonda, haikuota siku moja, na yeyote angemuangalia angeiona. Wangemuleta mapema, angeiokoa. Jicho ilikufa.

Leo niko na licence ya biologie ya chuo kikuu na sina kazi, alors niko na wakati wa kukasirika. Apolo ikipita, nazunguka kwa majirani na kinywa changu kibaya. Kuangalia haiambukizi! Ni mikono, ni essuie, ni bassin, ni muto. Nawa na sabuni, kila mutu na essuie yake, pangusa kope na kitambaa safi na maji iliyochemshwa ikapoa. Usaha ikizidi, tafuta dawa ya munganga, si majani. Na ikiuma sana, mwangaza ukichoma, mutu asipoona vizuri, ama ukiona doa, hospitali siku ile ile. Wananijibu: monsieur l'intellectuel, tafuta kazi kwanza. Bon.

Koko alitupenda, ndiyo maana alituzuia. Hiyo inanikasirisha kupita yote. Ningepata mutu mubaya wa kuchukia, ningepumzika. Lakini nikikumbuka, naona tu nyumba iliyojaa watu wanaomupenda mutoto, na wote wamemupa mugongo.

Mwezi uliopita mutoto wa Bijou aliamuka kope zimeshikana. Jirani alisimama mulangoni akimuonya: mama, usimuangalie. Bijou alinawa mikono, akamushika mutoto kidevu, akamugeuza kwenye dirisha, akamuangalia muda murefu na ile jicho yake moja. Kisha akaniita:

« Kuya, na wewe angalia. Tuko na macho tatu. »

Nikaenda, nikainama, nikaangalia.