Ungo Ambao Haukuzunguka

Winifrida wa Chanji hauziwi mbuzi kwenye gunia. Wakulima wa Ufipa wanamjua: mkono wake ukizama kwenye mahindi, bei imeshashuka. Lakini hata yeye hununua kwa ungo wa watatu. Yeye hupapasa joto la tumbo la gunia, na wenzake wa biashara humalizia: Bertilla hutafuna punje, Cornelia hunusa. Mwenye wasiwasi, hata kiduchu, huweka punje moja ukingoni mwa ungo, na ni mwiko kufungua mdomo kabla ungo haujazunguka. Zikikaa punje tatu, mzigo unarudi kwa mwenyewe, hata kama hakuna anayeweza kueleza sababu.

"Vichwa vitatu visivyojua, vikikaa pamoja vinajua," Cornelia hupenda kusema.

"Uchawi gani huo?" Winifrida humcheka.

Jumatatu lori la shule ya bweni lilisimama sokoni kuchukua mahindi, dereva anapiga honi akiogopa mvua. Winifrida akazamisha mkono kwenye gunia, na kabla ungo haujawafikia wenzake akatamka: "Safi haya! Pakieni."

Bertilla akatafuna, akanyamaza. Cornelia akanusa, akanyamaza. Nani abishane na mkono ule?

Jumatano asubuhi Bertilla alikuja akikwaruza ulimi kwa meno. "Dada Wini, yale mahindi ya shule yalikuwa na uchungu. Kidogo tu, nikadhani ni jino langu bovu."

Cornelia akaacha kupepeta. "Mimi nilisikia harufu ya nyumba iliyofungwa. Nikasema haya mafua yangu."

Mkono wa Winifrida nao ulikuta uvuguvugu siku ile, akajiambia ni jua. Uchungu peke yake si kitu, na harufu vivyo hivyo. Vikikutana na joto, hiyo ni sumu ya kuvu, na kuvu haibembelezi ini la mtoto. Edith, kitinda mimba wake, anasoma shule ile.

Alirukia bodaboda. "Kimbiza!"

"Mama, utelezi huu tutaanguka."

"Kimbiza nimesema!"

Jikoni shuleni, Adolfu mpishi alikuwa anasonga ugali.

"Mwaga huo!"

"Heee, Mama Edith! Si wewe uliyesema safi?"

"Nilisema mimi. Ungo haukusema. Mwaga!"

Adolfu aliushusha mwiko polepole. "Huu nitaumwaga. Na ule waliokula watoto jana?"

Edith alitokea mlangoni na sahani yake tupu. "Shikamoo mama! Umeniletea nini?"

Winifrida alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akatafuta umanjano kwenye weupe wa macho, akampapasa paji la uso. Lilikuwa na joto. Joto la homa, au la mtoto aliyekuwa akicheza juani? Mkono ukanyamaza.

Akatoa simu. "Bertilla, mchukue Cornelia mje huku sasa hivi. Huyu mtoto mimi peke yangu simwoni."