Isale kwa Kosa Lisilokuwepo

Hasira hii sijaimaliza, na sina haraka ya kuimaliza.

Dada yangu alijifungua binti mwenye mgongo wazi. Madaktari walimshona, mtoto akaanza kunyonya vizuri, tukamshukuru Mungu. Kumbe huko Uru mama mkwe wake alikuwa ameshatoa hukumu: dada alijifunga kanga kwa nguvu akibeba majani ya ng'ombe, akambana mtoto mpaka mgongo ukapasuka. Aje na isale, jani letu la kuombea msamaha, la sivyo mtoto haingii nyumbani kwao.

Mimi nafundisha baiolojia mjini. Hununua mayai ya kienyeji sokoni Kiboriloni, huyatamisha kwenye mashine, kisha hutoboa ganda ili wanafunzi waone. Kifaranga huanza kama utando bapa. Chembe hai za katikati hujibana upande mmoja na kuvutana, kama kaptula inavyokunjamana ukivuta kamba yake, hadi utando unajikunja na kuwa mrija. Humo ndimo unamotokea uti wa mgongo. Binadamu naye ni vivyo hivyo. Yaani huko kubanana ndiko kunakoufunga mgongo! Na kazi hiyo huisha wakati akina mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Hilo tumbo la kubanwa na kanga lilikuwa wapi?

Nilimsindikiza dada Uru nikiwa nimejaa maneno hayo hadi kooni.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mama mkwe, nikaanza kueleza.

"Marahaba. Mwalimu, umekuja kufundisha au kumsindikiza dada yako?"

Kabla sijajibu, dada alishapiga magoti, mtoto mkono huu, jani la isale mkono ule, akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilitamani kulinyakua lile jani nilichane.

Isale haikataliwi. Mama mkwe aliipokea, akambeba mjukuu wake, akalia machozi ya kweli, akaagiza mtori wa ndizi na nyama upakuliwe.

"Lakini mama, ule mgongo..."

"Isale imeshapokelewa," alinikatiza. "Jambo hilo halitajwi tena."

Ndiyo mila yetu. Likishasamehewa kwa isale, halifufuliwi. Kwa hiyo uongo ukasamehewa, na ukweli ukapigwa marufuku. Mpaka leo majirani wanamsifu bibi yule kwa moyo wake wa kusamehe!

Dada alinisogezea bakuli.

"Kula," alininong'oneza. "Unadhani mimi sijui kwamba sikufanya?"

Nilikula. Mtori ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi.