Nilijua yule mtoto wa mbwa ni kiziwi, nikamwacha mzee wa watu aondoke naye

Wakuu, salamu kwenu, mliopumzika na mlio kazini mnachungulia simu chini ya meza.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote nasoma, nacheka peke yangu, naondoka. Ila juzi nimesoma uzi wa yule ndugu aliyechukua puppy kwa breeder, wiki ya pili puppy akaanza kukokota miguu ya nyuma, breeder naye akam-block. Comments zikawa nyingi. Wengine wakamwambia, "Ulimchagua mwenyewe, pambana na hali yako."

Hayo maneno, "ulimchagua mwenyewe", yamenikosesha raha siku mbili. Niliwahi kuyasikia yakisemwa uani kwetu, Mtwara, nikiwa Form Two.

Nimekwenda kulitoa daftari langu kwenye sanduku. Nilikuwa binti wa aibu sana, wa kuongea na karatasi kuliko watu, kwa hiyo mengi nitakayosema yamo humo. Pale niliposahau nitasema nimesahau. Sitajipamba.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikaa Magomeni, Mtwara mjini. Baba alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu wa Iringa.

Ndiyo, Wahehe. Na tulifuga mbwa. Najua mnachotaka kuandika, nimeusikia utani huo wa kula mbwa tangu sijaota meno, andikeni tu.

Mbwa wetu jike aliitwa Lulu. Uzao wake ulitoka kwa mbwa wa mzungu mmoja aliyewahi kufanya kazi Mtwara, akaondoka akamwacha. Lulu alikuwa mweupe mwenye mabaka mawili ya kahawia, na Baba alimtafutia dume jeupe kabisa, kwa sababu watu wa vijijini walipenda mbwa weupe. Mbwa mweupe unamwona kwenye shamba hata mwanga ukiwa hafifu.

Hapo nieleze kidogo. Watu walipohamia vijiji vipya, mashamba yao mengi yalibaki kulekule mbali. Muhogo ukikaa bila mtu, nguruwe pori wanafukua tuta kwa tuta, na mchana ngedere wanamalizia. Kwa hiyo familia nyingi zilijenga dungu shambani, kile kibanda cha kulindia kilichoinuliwa juu ya miti, na ukiwa dunguni unahitaji vitu viwili: debe la kupiga, na mbwa.

Sasa mbwa akiogopa debe hana kazi. Ukilipiga kufukuza nguruwe, na yeye anakimbilia nyumbani.

Ndipo ukawepo mtindo wa kuchagua. Mtu akija kutaka mtoto wa mbwa, watoto wanawekewa chakula, halafu debe linapigwa nyuma yao ghafla. Atakayekimbia, hafai. Atakayeshtuka akarudi kula, anafaa. Asiyeshtuka kabisa, huyo watu wanamgombania.

Watoto wa Lulu walisifika kwa hilo hadi njia ya Nanyamba. "Mbwa wa Karani hawaogopi debe." Baba alivimba kichwa, nami sikumlaumu, kwa sababu mjini kwetu tulikuwa wageni na hiyo ilikuwa sifa yetu pekee.

Kuwalea ilikuwa kazi yangu. Nikitoka shule nawapikia uji wa muhogo na maji ya dagaa, nagonga sufuria kwa mwiko, wanakuja mbio wanakanyagana.

Uzao ule walikuwa watano. Mmoja mweupe mwili mzima, nikamwita Pamba. Pamba hakuja kwa sufuria. Alikuja akiwaona wenzake wanakimbia. Wakiwa wametangulia yeye kalala, anabaki kalala mpaka nimguse.

Daftari linasema hivi, nanukuu kama lilivyo: "Leo nimepiga makofi nyuma ya Pamba mara tatu. Kisha nimeangusha sufuria. Hakutikisa hata sikio. Pamba hasikii. Nimemwambia Mama. Mama kasema nimwambie Baba."

Ukurasa unaofuata: "Sijamwambia Baba."

Unaofuata tena naeleza habari za mtihani wa hesabu.

Msinielewe vibaya, Baba hakuwa mkali wa kupiga. Ila mimi kuanzisha mazungumzo na mtu mzima kulinishinda. Nilisubiri aniulize. Hakuniuliza.

Jumamosi moja akaja Mzee Hashimu. Alitoka kijiji kimoja njia ya Nanyamba, mtu mzima mwenye kofia ya kushona kwa mkono, mwembamba, mcheshi. Watoto wake walishaondoka, alibaki yeye na mkewe na shamba la muhogo ambalo ndilo chakula chao cha mwaka. Alibeba kuku jike na kikapu cha makopa, ule muhogo mkavu.

"Hodi kwa Karani! Wapo mbwa, au mmeshawakaanga?"

Baba akatoka anacheka. "Karibu mzee. Wewe umechelewa, bado mikia tu."

"Basi nipe mkia unaobweka."

Nikaitwa nilete chakula. Nikaitwa nilete debe. Ndiyo wakuu, aliyepiga lile debe ni mimi.

Watoto wanne wakatawanyika, mmoja akajibamiza kwenye nguzo. Pamba akaendelea kulamba sahani, mkia unacheza.

"Piga tena," Baba akasema. "Kwa nguvu, mwanangu, usimwonee haya mgeni."

Nikapiga tena. Pamba akahamia sahani ya wenzake.

Mzee Hashimu akashika kiuno akacheka mpaka akakohoa. "Huyu nkali! Huyu atakula nguruwe na debe lenyewe!" Kwao huko mkali huwa nkali, na alivyolitamka utadhani kapewa ng'ombe.

Halafu akanigeukia. Hilo sikulitegemea, wazee hawakuwa na kawaida ya kuniuliza mimi kitu.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye unayewalea. Huyu ana kasoro yoyote?"

Nilimwangalia Baba. Uso wake ulikuwa umejaa furaha. Na nitasema lingine ambalo daftari limeficha: nilimwangalia na yule kuku. Maduka yalikuwa matupu kipindi kile, na sisi tulishasahau nyama.

Nikatazama chini. "Hana, babu."

Neno moja na heshima yake. Akamweka Pamba kwenye kikapu kilichotoka makopa, akaniaga vizuri kuliko wengine wote, akaenda zake.

Kuku tulimla Jumapili. Nilikula paja.

Ilipita kama miezi minne. Siku hiyo nimetoka shule, bado na sare, nikamkuta Mzee Hashimu amesimama uani kwetu. Mkononi kamba, na mwisho wa kamba Pamba. Alikuwa amekuwa mkubwa, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika, na ubavuni jeraha lililowekwa majani.

Safari hii hakutania. Baba alimpa kiti, hakukaa.

"Karani, mbwa huyu nimempiga," akasema. "Nimempiga miezi yote. Namwita haji. Namkataza, haachi. Nikasema mbwa wa mjini huyu, mkaidi, ngoja nimnyooshe. Fimbo asubuhi, fimbo jioni. Juzi nguruwe wameingia alfajiri, jike na watoto wake. Nikaona jike linageuka. Nikamwita arudi. Mke wangu akamwita. Wa dungu la jirani wote wakamwita. Hata hakugeuza kichwa. Likamchana. Na muhogo wa upande ule wote wa bondeni, umekwenda."

Baba akasema, "Pole sana, mzee."

"Ngoja. Jana mke wangu kaangusha mchi, puu, nyuma ya mgongo wake amelala. Kimya. Kauokota, kaugonga kwenye kinu tena na tena. Kimya. Akaniita, akasema baba Zainabu, njoo uone ulichokuwa unampigia huyu mnyama."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na madaftari yangu.

Baba alikuwa na kanuni yake, ya wafugaji wote wa wakati ule: mbwa akishatoka kwenye uzio, ni wa aliyemchukua. Akaisema. Akaongeza, "Na debe lilipigwa mbele yako, mzee. Ulimchagua mwenyewe."

"Kuku wangu simdai, najua alishaliwa. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Mlijua?"

"Sikujua. Mungu ni shahidi yangu."

Na ni kweli, hakujua. Mzee Hashimu akamwamini. Kisha akaangalia mlangoni.

Mama alisema, "Mletee mgeni maji." Nikaingia ndani kama vile naenda kuleta maji. Nikakaa kwenye kona ya jikoni, mgongo ukutani. Maji aliyapeleka Mama. Nilitoka baada ya kusikia ameaga.

Aliondoka na mbwa wake. Baba hakumzuia.

Daftari siku hiyo lina mstari mmoja: "Kaja. Nimejificha."

Nilikaa na jambo hilo moyoni siku tisa. Shuleni sielewi kitu. Siku ya kumi Baba amekaa anavua viatu, ametoka kazini, nikamwekea daftari mapajani, nimelifungua ukurasa ule wa makofi na sufuria. Kusema nisingeweza.

Alisoma. Akafunua nyuma, akasoma, akafunua mbele. Kiatu kimoja bado kiko mguuni.

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Kwa hiyo nyumba nzima inajua, mimi peke yangu namwapia Mungu mbele ya watu."

Baadaye alimuuliza Mama kama Lulu ameshawahi kuzaa mwingine wa namna hiyo. Mama akamkumbusha wawili wa uzao uliopita, weupe, ambao Baba aliwaita wakaidi. Na wao walifaulu debe. Na wao walikwenda kwa watu. Nilimwona anahesabu vidole, anajaribu kukumbuka walichukuliwa na nani.

Jumapili baada ya misa tukapanda lori, mimi na Baba. Kwenye kikapu tulimchukua yule ndugu yake Pamba mwenye mabaka, ambaye Baba alijiwekea mwenyewe, aliyekuwa akisikia hata mjusi ukutani. Kuanzia pale lori lilipotushusha tulitembea kwa miguu, njia nzima mikorosho.

Mkewe Mzee Hashimu ndiye aliyetupokea. Kwa jinsi alivyolitazama lile kapu nilielewa kabla hajafungua mdomo. Jeraha lilioza. Pamba alikufa siku nne kabla hatujafika.

Mzee yuko shambani, akasema, halali huko vizuri na wala hali vizuri. Akamtuma mtu kumwita.

Alikuja taratibu. Baba akamsalimia kwa mikono miwili, akamwambia, "Mzee, nimekosa. Huyu ni wako, akipata tatizo lolote namchukua, siku yoyote, mwaka wowote."

Mzee Hashimu akamshukuru. Ila aliniangalia mimi. "Karani, mbwa ningepata hata kwingine. Kuna swali nilimuuliza huyu mjukuu wangu na halijajibiwa."

Baba akasogea pembeni kidogo. Hakunisaidia, na alifanya vizuri.

"Nilijua, babu," nikasema. "Nilijua hata kabla hujaja."

Nilitegemea anifokee. Alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti cha nyumba yake, akavua kofia akaishika magotini.

"Ungeniambia, ningemchukua vilevile," akasema. "Alinifurahisha. Kiziwi macho anayo, ningemfundisha kwa mkono. Nisingempiga tu."

Wakuu, ndiyo hayo. Nimeyaandika hapa mara mbili nikayafuta, hii ni mara ya tatu.

Kwa sababu miezi yote nilijiambia nilinyamaza ili asikose mbwa, Baba asiaibike, kuku asirudi. Kumbe ningesema, hata kimoja kati ya hivyo tusingekikosa. Kimya changu kilimnunulia Pamba fimbo, basi.

Baba hakumpandisha Lulu dume jeupe tena. Bwana mifugo alikuja kumweleza baadaye kwamba weupe wa mwili mzima kwa uzao ule uliandamana na uziwi, si ukaidi wala uchawi. Na kuanzia hapo mtu akija, kabla ya lolote, Baba alinisogeza mbele na kusema, "Mwulize huyu." Nikawa sina pa kujificha. Nadhani ndivyo alivyonitibu aibu, ingawa haikupona yote.

Nilichojifunza: anayezalisha mbwa anajua vitu ambavyo mchukuaji hawezi kuviona kwa kumtazama mbwa nusu saa. Anajua mama, anajua baba, anajua wa uzao uliopita. "Ulimchagua mwenyewe" ni kweli, lakini alichagua kwa kile ulichomwonyesha. Ukijua, sema. Usipojua na tatizo likatokea, pokea simu, mrudishe mnyama au mtibu, na uache kupandisha wazazi wale wale. Na hata kama mnunuzi hadai chochote, jibu swali lake. Kuna watu wanachodai ni hilo tu.

Yule ndugu wa uzi wa miguu ya nyuma, pole. Usimpige mbwa wako akishindwa kuinuka.

Wafugaji mlioko humu, nipeni ukweli wenu: umewahi kuona kasoro ukanyamaza mpaka mtu akaondoka naye? Na ulimtafuta baadaye, au uliingia jikoni kama mimi? Mimi nimemaliza, nawasoma. Safari hii nitajibu.