Omba Mawingu

Juzi, huku Kizwite, nilimwona jirani akipandikiza nyanya bondeni wakati miombo bado haijatoa majani yake mekundu, ishara kwamba baridi kali imepita. Harufu ya udongo uliomwagiliwa ikanirudisha utotoni, kijijini Mpui.

Mama naye hakuisubiri miombo. Baba alikuwa amelazwa, mahindi yalikuwa yamekwisha ghalani, na tegemeo letu lilikuwa zile nyanya za mapema. Alasiri ile upepo ulikatika ghafla. Mama alitazama juu, akaanza kufyeka nyasi na kufunika miche, mstari baada ya mstari. Nyasi hazikutosha. Akavua kitenge chake cha juu, akafunika nacho miche michache.

"Omba mawingu, mwanangu," aliniambia. "Usiku umande utaganda."

Nilipiga magoti kwenye tope, meno yakigongana. Nilidhani amechanganyikiwa, kwa maana nani husikia baridi akaomba mawingu? Sikujua kwamba ndiyo huzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Nikaomba jua. Wingu la mwisho likatoweka nyuma ya kilima.

"Mama, Mungu amenisikia," nilisema kwa furaha. "Nimeomba jua."

Hakunipiga. Alikaa chini kati ya matuta, mundu mkononi.

"Basi omba tena," alisema taratibu.

Niliomba mpaka sauti ikakauka. Asubuhi miche yote ilikuwa myeusi, imelegea kama mboga iliyochemshwa, hata ile ya chini ya kitenge.

Juzi nilitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. Nikavua kitenge changu, nikamfuata jirani bondeni.